TREKTA LETU LA KWANZA: JINSI INJINI ILIVYOKUFA IKAFUFULIWA

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka kumi, wengi watayatazama maghala na kuhesabu magunia ya mahindi na mbaazi. Sisi twaomba nafasi ndogo ya kuandika habari za chuma kimoja kisimamacho nyuma ya ofisi yetu mjini Babati, yaani trekta letu la kwanza, Massey Ferguson 135.

Kwanza tukumbuke yaliyotangulia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Yaliletwa matrekta yaliyosalia vitani, na hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Ardhi ngumu na uchache wa mafundi na vipuri viliyaua mengi upesi. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikapotea. Tena, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikawa adimu, na matrekta mengi nchini yakakaa bure kwa kukosa vipuri. Vyama vikuu vya ushirika navyo vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, hata sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Basi mashine haifi kwa uzee peke yake. Hufa kwa kukosa matunzo na mpango.

Trekta letu tulilinunua likiwa limekwisha kutumika. Injini yake ni ya dizeli, ya Perkins, yenye silinda tatu. Katika mwaka wa tatu wa Chama, mvua zikikaribia, mkanda wa feni ulikatika shambani. Mkanda ule ndio uzungushao pampu ya maji. Dereva akaona amalizie mistari miwili iliyobaki, kwa kuwa mwenye shamba alikuwa mama mjane na mawingu yalikwisha kufunga. Maji yakachemka, gaskiti ikaungua, pistoni moja ikakwama, injini ikanoki. Kosa halikuwa la dereva peke yake. Sisi ofisini tulikuwa tumeahirisha mara mbili kununua mkanda mpya.

Katika mkutano, wengine walitaka liuzwe kama chuma chakavu. Wengine walitaka injini nyingine yenye nguvu zaidi. Fedha hazikutosha. Ndipo mzee mmoja wa Dareda akasimama, akauliza: “Jembe likivunjika mpini, mwatupa na chuma?”

Fundi akaifungua injini, akaona bloku ni nzima. Silinda zake zina slivu zitolewazo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kununua bloku nyingine. Tukaandika hesabu katika safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa ya mambo yasiyongoja: slivu, pistoni, ringi, beringi, gaskiti, na kusawazisha kichwa cha injini kilichopinda. Krenki ilipelekwa Arusha, ikachongwa kidogo tu kwa saizi ya kwanza, ili siku za mbele iweze kuchongwa tena. Safu ya pili ilingoja mavuno: nozeli, pampu ya dizeli na geji ya joto. Ya tatu ilingoja uwezo: tela, kisha trekta la pili. Hatukuanza na nguvu, maana kuiongezea dizeli injini isiyo na shinikizo la oili ni kumtwisha mgonjwa gunia.

Lilipowaka, halikulima mara moja. Lilifanya kazi nyepesi kwanza, oili ikabadilishwa mapema ili kuondoa unga wa chuma, na nati za kichwa zikakazwa tena.

Mvua za mwanzo tulizikosa. Wanachama walilima kwa ng'ombe, na mama yule akapanda kwa kuchelewa, hilo hatulifichi. Lakini masika yalilikuta trekta shambani, na shamba la kwanza kulimwa lilikuwa lake. Safu ya pili ilitimia baada ya mavuno yaliyofuata. Katika ya tatu tumekwisha pata tela. Trekta la pili bado.

Wanachama wapenzi, daftari lile lingalipo ofisini, na juu yake, msumarini, umetundikwa mkanda mpya wa feni. Kila Katibu atakayekuja ataukabidhiwa pamoja na funguo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi ukuta tumeujenga, gharama yake twaijua.

Ushirika wetu udumu!