Chanzo cha Mwanga na Udogo wa Projekta za Fuwele Kioevu
Mwaka 1989, kampuni ya Epson ya Japani ilitoa projekta ya VPJ-700, yenye vibao vitatu vya fuwele kioevu. Hata hivyo, kupunguza ukubwa wa vibao hakukutosha. Fuwele huhitaji mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja. Kichujio cha kawaida hufyonza takribani nusu ya mwanga na kuifanya joto. Aidha, mwanga wa chanzo kipana hauwezi kukusanywa wote kwenye kibao kidogo. Katika miaka ya 1990, prizimu ziliitenga nusu hiyo, ikageuzwa mwelekeo na kutumika. Mwaka 1995, Philips ilileta taa ya UHP, yenye mwanya wa milimita 1 hivi kati ya elektrodi. Kwa hiyo, historia ya projekta ndogo ni, kwanza, historia ya taa.