K ya Tatu: Hesabu katika Darasa la Watu Wazima

Kila mwalimu aliyepata kushika chaki mbele ya watu wazima anazijua K tatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika madarasa mengi ya ngumbaru K ya tatu imekuwa yatima, hufundishwa jioni ikisha kuingia na wanafunzi wameanza kutazama mlango. Napenda kuonyesha hapa kwamba yatima huyu ana ukoo mkubwa katika historia yetu, na kwamba mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Hesabu anayo, asichokuwa nacho ni maandishi yake.

Tuanzie Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa Viktoria, Tanganyika, walikuwa na lalamiko kubwa juu ya mizani. Mkulima alifikisha mzigo wake kituoni, mnunuzi akapima, akataja uzito, akalipa. Aliyesoma mizani na aliyetoa fedha walikuwa upande mmoja. Wala mkulima hakuwa mjinga wa uzito, maana shingo iliyobeba mzigo tangu alfajiri haidanganyiki kwa urahisi. Lakini shingo haiandiki risiti. Wakulima wakatafuta wapimaji wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani ya wanunuzi. Katika harakati hizo ndimo alimovuma Paul Bomani, baadaye Waziri wa Fedha wa Tanganyika, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima hao vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria. Chombo kikubwa namna hiyo kilikuwa na mzizi wake katika tarakimu chache zilizosomwa na mtu mmoja tu.

Mji huo huo wa Mwanza ndio uliokuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Tanzania pamoja na UNESCO kuanzia 1968 hadi 1972. Vitabu vyake vya kwanza vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, yaani kazi za wasomaji wenyewe. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwezi wa Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa. Wasiojua kusoma na kuandika, ambao mwaka 1967 walikuwa asilimia 67 ya watu wazima, walihesabiwa kuwa asilimia 39. Takwimu hizi husifiwa, na ni haki yake. Mimi huvutiwa zaidi na sharti la ngazi ya juu ya mtihani ule: mhitimu aweze kuweka hesabu rahisi za mapato na matumizi yake. Hapo K ya tatu ilivikwa taji.

Nasi Bujumbura tuna historia yetu. Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwaka 1897, fedha yao ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Hesabu hiyo ilifaa sokoni kuliko tunavyodhani: nusu ya 64 ni 32, nusu yake 16, kisha 8, na mchuuzi aliweza kugawa bila kalamu. Kuanzia mwaka 1904 zikaja heller, 100 kwa rupia moja. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, na baada yao faranga. Watu wa mji huu walibadili hesabu vichwani mwao mara tatu, na wengi wao hawakupata kukanyaga shule.

Sasa nifike kwenye jambo lililo karibu zaidi na kazi yangu, nalo ni lugha. Mwanafunzi wa Buyenzi au Bwiza huhesabu kwa Kirundi nyumbani, kwa Kiswahili sokoni, na husikia Kifaransa ofisini (bahati nzuri ni kile chenye "septante" na "nonante", kisichomlazimisha kujumlisha sitini na kumi). Asemapo kwa Kirundi "mirongo ibiri na gatatu", amekwisha taja mafungu mawili ya kumi na vitu vitatu. Thamani ya nafasi, somo linalotutoa jasho ubaoni, imo ndani ya maneno yake. Kiswahili chetu kinasema "ishirini na tatu", neno la asili ya Kiarabu ambalo halionyeshi yale makumi mawili. Hata hivyo Kiswahili hakikuwa hivyo daima. Wazee wa pwani walisema mtandatu na kenda, ndugu wa "gatandatu" na "icenda". Na mabaharia waliugawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi. Mwongo na mirongo ni watoto wa nyumba moja. Basi mwalimu asione haya kusema "makumi mawili na tatu" kwa majuma ya mwanzo, huku akifunga vijiti kumi kumi kwa ugwe.

Kutoa nako kuna njia yake. Mama muuza ndagala akipewa noti ya faranga 5,000 kwa bidhaa ya 3,700 hakopi kumi kutoka safu ya jirani. Hupanda: mia tatu, elfu nne, elfu moja, elfu tano. Chenji ni 1,300. Mwalimu anayemwambia afute njia hiyo amemwambia kwamba miaka yake yote sokoni si kitu, na asishangae akikuta kiti kitupu juma lijalo. Wamarekani John Gay na Michael Cole, waliochunguza Wakpelle wa Liberia na kuandika juu yao mwaka 1967, waliona kwamba wakulima wale walikadiria kiasi cha mchele kwa usahihi kuliko watu wazima wa Marekani.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendelea ni huu. Mwanafunzi aseme kwanza hesabu yake kwa mdomo, mwalimu aiandike ubaoni vile vile ilivyosemwa, na njia ya safu ije baadaye kama njia ya pili. Mizani iwekwe mezani siku ya kwanza, kabla ya kitabu. Na risiti za kweli ziletwe kutoka nyumbani, za maji, za ada ya shule, za ushirika, hata zile zilizokunjika miaka mingi ndani ya kitambaa, zisomwe mstari kwa mstari mpaka kwenye jumla.