Kuvundika na kuvunda

Maafisa ugani nchini Tanzania huita saileji "majani yaliyovundikwa". Neno kuvundika ni letu: ndizi mbichi huvundikwa ziive. Majani ya malisho nayo hukatwakatwa, hushindiliwa na kufunikwa hewa isipenye, kisha bakteria hugeuza sukari yake kuwa asidi inayoyahifadhi. Mahindi yana sukari ya kutosha. Mabingobingo yana kidogo, ndiyo maana mfugaji huyanyunyizia molasi. Asidi ikichelewa, au hewa ikiingia, majani huvunda: hunuka, na ng'ombe huyakataa. Kwa hiyo tuyatenganishe maneno haya kwa uangalifu. Kuvunda ni kuoza. Kuvundika majani ni kuyahifadhi kwa makusudi. Mfugaji anayeelewa tofauti hiyo ataelewa pia kwa nini ananunua molasi.