Prosesa ya Dola 149
Mtu akiniuliza anunue prosesa gani ya kukimbizwa kupita kasi iliyoandikiwa, namrudisha kwanza mwaka 1998. Agosti ile Intel walitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A, ya megahezi 300, kwa dola 149. Celeron ya kwanza, ya Aprili, haikuwa na kumbukumbu ya akiba ya ngazi ya pili, na watu waliidharau. Hii 300A ilipewa kilobaiti 128 tu, ila zilikaa ndani ya silikoni yenyewe na kwenda kasi sawa na prosesa. Pentium II ilikuwa nazo 512, lakini nje, kwa nusu ya kasi.

Basi watu wakapiga hesabu. Kizidishio kilifungwa kwenye 4.5, ubao mama ukipiga megahezi 66. Pandisha ubao hadi 100, unapata 450! Nyingi zilikubali, si zote. Bahati nayo ilikuwa humo.

Ndipo nilipoelewa kwamba namba ile haikuwa mwisho wa uwezo wa prosesa. Soko nalo liliiamua. Mwaka 2011 ikaja i5-2500K, kizidishio kimefunguliwa, bei juu kidogo ya ndugu yake i5-2500. Kile watu walichojitafutia wenyewe sasa kinauzwa dukani, kwa herufi moja. Kwa hiyo kabla sijakujibu ununue ipi, niambie: unalipia kasi, au unalipia ruhusa?