Afisa wa probesheni: Kiungo kati ya gereza na kijiji

Wengi humfahamu afisa wa probesheni mahakamani pekee, pale hakimu anapoahirisha hukumu akisubiri ripoti kuhusu mshtakiwa. Hata hivyo, kazi yake humfikisha gerezani, na huendelea baada ya kifungo.

Huduma hiyo ilianza nchini Kenya mwaka wa 1946, chini ya sheria iliyopitishwa 1943. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 iliipanua, ikaruhusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3 yaadhibiwe kwa kazi ya umma isiyo na malipo. Kwa wafungwa wanaofaa, afisa huwahoji gerezani na kuandika ripoti ya kumwongoza jaji anayepitia upya hukumu.

Mfungwa anapoomba msamaha wa Rais chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010, afisa hufunga safari hadi kijijini kwake. Huwauliza jamaa, chifu na mwathiriwa: je, akirudi atapokewa? Kamati inayomshauri Rais inaruhusiwa kuzingatia maoni ya waliotendewa uhalifu.

Swali hilo lina uzito. Anayetoka anaweza kukuta shamba limegawanywa, mkewe ameolewa kwingine na majirani wangali na uchungu. Ndiyo maana upatanisho huanza kabla ya lango kufunguliwa, kisha afisa humtembelea na kumtafutia mafunzo au vifaa vya ufundi. Anayekataliwa nyumbani huwarudia upesi wenzake wa zamani, na kwa njia hiyo hulirudia gereza.