HOMARE SAWA: MIAKA ISHIRINI NA MIWILI SAFUNI

Katika michezo, kama ilivyo katika ulinzi, taifa hupimwa kwanza na majirani zake. Timu haiwezi kufika mbele ya wakubwa wa mabara mengine kabla ya kuwavuka wale inaopakana nao. Kwa wanawake wa Japani wanaocheza kandanda, majirani hao walikuwa China na Korea ya Kaskazini. China peke yake ilitwaa ubingwa wa Asia mara saba mfululizo, tangu mwaka 1986 hadi mwaka 1999. Korea ya Kaskazini ikaupokea mwaka 2001 na kuushika tena mwaka 2003. Muda wote huo Japani ilikuwa mgeni wa kudumu katika karamu ya wengine. Habari za jinsi ilivyotoka hapo hadi kuwa bingwa wa dunia haziwezi kuelezwa bila kumtaja mwanamke mmoja, Homare Sawa.

Sawa alizaliwa tarehe 6 Septemba, 1978, katika mji wa Fuchu, Tokyo. Ligi ya wanawake ya nchi yake ilianzishwa mwaka 1989. Na yeye, akiwa na umri wa miaka 12 tu, alikwisha kuingia katika klabu kubwa ya Yomiuri Beleza na kucheza pamoja na watu wazima. Mwezi wa Desemba, 1993, akiwa na miaka 15, alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza dhidi ya Ufilipino, akafunga mabao manne.

Kazi yake uwanjani ilikuwa ya kiungo. Neno hilo lenyewe linaieleza kazi hiyo kikamilifu. Kiungo ndiye anayeunganisha walinzi na washambuliaji. Huupokea mpira mahali penye msongamano na kuupeleka penye nafasi. Timu ikishambuliwa hurudi nyuma kuziba pengo, na timu ikisonga mbele huifuata. Mlinda mlango huonekana anapookoa, mshambuliaji huonekana anapofunga. Lakini kiungo akifanya kazi yake vizuri, mara nyingi watazamaji huuona mpira tu na wasimwone yeye.

Miaka iliyofuata haikuwa ya asali. Mwaka 1995, katika Kombe la Dunia nchini Uswidi, Japani iliishinda Brazili, lakini ikang'olewa na Marekani katika robo fainali kwa mabao manne kwa sifuri. Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, ilishindwa michezo yake yote mitatu. Mwaka 1999 ilitoka mapema katika Kombe la Dunia, na kwa sababu hiyo ikakosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Wakati huo huo uchumi wa Japani ulikuwa umedorora. Makampuni yaliyokuwa yakigharamia timu za wanawake yalianza kujitoa, na klabu zilizokuwa na sifa zikavunjwa. Waliobaki walifanya kazi za kujipatia riziki mchana na kufanya mazoezi jioni, mbele ya viwanja vitupu.

Katika hali hiyo Sawa alivuka bahari mwaka 1999 kwenda Marekani, nchi iliyokuwa ngome ya kandanda ya wanawake. Tangu mwaka 2001 aliichezea Atlanta Beat katika ligi mpya ya kulipwa ya nchi hiyo. Huko alijifunza kukabiliana na wachezaji waliomzidi kimo na nguvu. Ligi hiyo nayo ilikufa mwaka 2003 kwa kukosa fedha, naye akarejea nyumbani katika klabu yake ya zamani.

Aliporejea, jirani alikuwa akimngoja mlangoni. Tarehe 24 Aprili, 2004, katika Uwanja wa Taifa mjini Tokyo, Japani ilikutana na Korea ya Kaskazini, mabingwa wa Asia, katika mchezo wa kuamua nani aende Olimpiki ya Athens. Japani ilikuwa haijaishinda timu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Kila mtu alielewa kwamba wakishindwa tena, kama mwaka 1999, ligi yao ingezidi kudhoofika. Sawa aliingia uwanjani akiwa na goti linalouma. Tangu dakika za mwanzo aliwaendea wapinzani bila kusita na kuwanyang'anya mpira, na wenzake wakafuata mfano huo. Mbele ya watazamaji zaidi ya 31,000, Japani ilishinda kwa mabao matatu kwa sifuri. Mwaka huo huo timu ilipewa jina la Nadeshiko, ambalo ni ua dogo linalotumiwa na Wajapani kumsifu mwanamke mpole aliye imara.

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, ilikuwa zamu ya China, tena nyumbani kwake. Katika robo fainali Japani ilishinda kwa mabao mawili kwa sifuri, na bao la kwanza lilifungwa na Sawa. Safari hiyo iliishia nafasi ya nne, baada ya kushindwa na Ujerumani katika mchezo wa kugombea medali ya shaba. Inasimuliwa kwamba kabla ya mchezo huo Sawa aliwaambia wadogo zake kwamba watakapozidiwa, wautazame mgongo wake. Hayo ni maneno ya mtu anayekusudia kuwa mbele.

Kisha ukaja mwaka 2011. Tarehe 11 Machi tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya bahari viliipiga pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Watu wapatao 18,000 walikufa au kupotea, na kinu cha nguvu za nyuklia cha Fukushima kiliharibika. Klabu ya wanawake iliyomilikiwa na kampuni ya umeme yenye kinu hicho ilisimamisha shughuli zake. Timu ya taifa iliondoka kwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia ikiiacha nchi katika majonzi, na nahodha wake alikuwa Sawa, mwenye umri wa miaka 32.

Sawa alifunga mabao matatu dhidi ya Mexico. Katika robo fainali wenyeji Ujerumani waling'olewa kwa bao moja la muda wa nyongeza, lililofungwa na Karina Maruyama kwa pasi ya Sawa. Uswidi ikafuata kwa mabao matatu kwa moja. Tarehe 17 Julai, mjini Frankfurt, walikutana na Marekani, timu ambayo Japani ilikuwa haijapata kuishinda hata mara moja. Marekani iliongoza mara mbili. Mara ya kwanza Aya Miyama alisawazisha. Mara ya pili, dakika ya 117, Miyama alipiga kona, Sawa akaukimbilia mpira karibu na mlingoti na kuuelekeza golini kwa mguu. Japani ilishinda kwa mikwaju ya penalti, mitatu kwa mmoja. Sawa alitangazwa mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano, na Januari 2012 akatuzwa mchezaji bora wa dunia.

Mtu angeweza kukomea hapo. Lakini huenda yaliyofuata ndiyo yanayofaa kutazamwa zaidi na mtu aliyevaa sare. Mwaka 2012 unahodha ulikabidhiwa Miyama. Sawa hakuondoka wala hakununa. Alirudi safuni, akatumikia chini ya yule aliyekuwa mdogo wake. Mabingwa hao wa dunia walisafirishwa kwenda Olimpiki ya London katika viti vya daraja la kawaida, huku vijana wa kiume wakikalishwa daraja la juu. Sawa alitamka wazi kwamba ilistahili kuwa kinyume chake. Baada ya kusema, alicheza hadi fainali pale Wembley na kuleta medali ya fedha. Safari ya kurudi walikaa mbele. Mwaka 2014 Japani ilitwaa ubingwa wa Asia kwa mara ya kwanza. Mwaka 2015, mjini Vancouver, Marekani ililipiza kisasi kwa mabao matano kwa mawili. Sawa, mwenye miaka 36, aliingizwa dakika ya 33 timu ikiwa imekwisha kufungwa mabao manne. Lilikuwa Kombe lake la Dunia la sita. Tarehe 27 Desemba mwaka huo alicheza mchezo wake wa mwisho, fainali ya Kombe la Malkia, akaifungia INAC Kobe bao pekee la ushindi. Aliiacha timu ya taifa akiwa ameichezea michezo 205 na kuifungia mabao 83.

Mataifa hupenda kushangilia siku ya ushindi. Lakini bao la dakika ya 117 halikutengenezwa dakika ile. Lilitengenezwa katika viwanja vitupu vya miaka ya tisini, wakati hapakuwa na kamera wala fedha. Ndivyo ilivyo kwa kila kikosi: raia hukiona siku ya hatari, lakini nguvu yake hupatikana katika miaka ya utulivu, gwaride la alfajiri na lindo la usiku, wakati hakuna anayetazama.