Mmea wa Mtungi na Safari Ndefu ya Kuutambua

Mwaka 1601 Carolus Clusius, mwanabotania wa Leiden, alichapisha picha ya mmea wa ajabu kutoka Amerika Kaskazini. Habari zake zilimfikia kupitia muuza dawa mmoja wa Paris. Majani yalionekana vizuri: mapana, yenye tumbo, midomo wazi. Maua hayakuwamo. Clusius akakisia kuwa ni ndugu wa mimea fulani ya pwani, kumbe sivyo kabisa.

Kukosekana kwa maua kulikuwa pengo kubwa, kwa kuwa maua ndiyo yaliyozidi kutegemewa katika kupanga mimea kwa koo. Mwaka 1633 Thomas Johnson, alipokuwa akihariri upya kitabu maarufu cha mimea cha John Gerard, aliirudia picha ileile akitumaini kwamba msafiri fulani angeuona mmea wenyewe.

Jibu lilitoka Quebec. Michel Sarrazin, daktari Mfaransa aliyefika huko mwaka 1685, alituma vielelezo vya mmea huo Paris kwa Joseph Pitton de Tournefort. Mwaka 1700 Tournefort aliutenga katika jenasi yake na kuipa jina la daktari huyo. Linnaeus alilirekebisha kidogo, na mwaka 1753 akaorodhesha spishi mbili: Sarracenia purpurea na Sarracenia flava.

Jina likapatikana, lakini kazi ya mtungi, yaani jani lile lenye tumbo, ilikuwa bado fumbo. Mark Catesby aliamini kwamba wadudu hujificha humo wasiliwe na maadui zao. Linnaeus naye aliona ni kisima cha ndege wenye kiu. William Bartram, aliyetembea kwenye vinamasi vya kusini mwa Marekani na kuandika habari zake mwaka 1791, aliwakuta wadudu wamenaswa mle ndani, ila hakuwa na hakika kama mmea unawala.

Ushahidi mzito ulitoka Bluffton, Carolina Kusini, miaka ya 1870. Daktari Joseph Mellichamp aliufuata utamu unaopakwa kwenye ukingo wa mtungi, akagundua kuwa unashuka kwa mstari hadi karibu na ardhi: njia kamili ya kumvuta sisimizi juu. Kisha alitumbukiza nyama katika majimaji ya mtungi, akaiona ikiharibika upesi kuliko iliyowekwa kwenye maji matupu. Joseph Hooker alizieleza kazi hizo mbele ya wanasayansi huko Belfast mwaka 1874. Mwaka uliofuata Charles Darwin alichapisha kitabu chake juu ya mimea inayokula wadudu.

Leo anayefika kwenye kinamasi anajua pa kutazama. Sarracenia purpurea ni mfupi, mnene, na kifuniko chake kimesimama wima, hivyo mvua huujaza. Ndani yake huishi hata viluwiluwi vya mbu aina ya Wyeomyia smithii. Sarracenia flava hurefuka na kutoa maua ya manjano. Sarracenia leucophylla ina kilele cheupe chenye mishipa myekundu. Sarracenia minor huinamisha kifuniko juu ya mdomo, na mgongoni ina madoa yanayopitisha mwanga. Mdudu huyaendea akidhani ni mlango, akajigonga na kuanguka. Sarracenia psittacina hulala chini. Ua la jamii hii yote huning'inia, na ndani yake mna kiungo kilichotanda mithili ya mwavuli uliogeuzwa.

Udongo wa vinamasi hivyo una nitrojeni kidogo mno, ndiyo maana mmea huu hutafuta chakula kwa wadudu. Kinamasi kikikaushwa, au mitungi iking'olewa kwa ajili ya biashara, hakuna shamba la kawaida litakaloupokea. Sarracenia oreophila imo katika orodha ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini tangu mwaka 1979. Kwa hiyo, msomaji, ukibahatika kufika huko, chunguza jani, chunguza ua, piga picha, na uuache mmea pale ulipoota.